Zege, sahani ya mama ntilie au jiko la nyumbani: kipi kinaufaa mfuko wako hapa Dodoma?

Jumatano iliyopita, kama saa moja na nusu usiku, nilisimama kwenye kibanda kimoja cha chipsi kule Makulu. Karai lilikuwa linachemka, kijana wa jikoni anakata viazi juu ya ndoo bila hata kuangalia kisu. Mbele yangu walikuwa watu watatu. Wa kwanza dereva wa bodaboda, kofia ngumu kaipachika kwenye kiwiko. Wa pili binti mwanafunzi mwenye begi mgongoni. Wa tatu baba mmoja aliyeegesha gari pembeni, watoto wawili wamechungulia dirishani wakipiga kelele, "Baba, na tomato!" Wote waliagiza kitu kimoja, zege, yaani chipsi mayai, shilingi 3,000 sahani.

Bei ilikuwa ile ile kwa wote, na nilipokuwa nasubiri zamu yangu nilianza kupiga hesabu ambayo mpwa wangu alikuwa ameniomba wiki hiyo. Ameajiriwa mwaka huu, amepanga chumba kimoja, na mshahara unamwishia tarehe 18. Aliniuliza: "Mamdogo, kati ya kula nje na kupika, nifanye kipi?" Swali lake linaonekana dogo, lakini jibu linategemea mfuko ulivyo, jiko lililopo na muda unaobaki baada ya kazi. Ndiyo maana nimeamua kuviweka hivi vyakula sahani kwa sahani. Bei nitakazozitaja ni zile ninazokutana nazo mimi mjini hapa. Ukivuka mtaa unaweza kukuta mia tano juu au chini.

Turudi kwenye ile foleni. Dereva wa bodaboda wa mkataba akishatoa hesabu ya bosi na petroli, tuseme amebaki na 10,000. Zege limechukua asilimia 30 ya siku yake, na nyumbani kuna mke na watoto wanaosubiri ile 7,000 iliyobaki. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anahesabiwa bumu la 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kwa hiyo na yeye zege limemla asilimia 30, ila hana mdomo mwingine wa kulisha. Mfanyakazi wa kima cha chini serikalini, ambacho tangu Julai 2025 ni 500,000 kwa mwezi, siku yake ni kama 16,700, na zege linachukua asilimia 18. Yule baba wa gari, tukisema analipwa 1,500,000, siku yake ni 50,000. Amenunua sahani tatu, ametoa 9,000, na yeye ni asilimia 18. Ametoka pale na chakula cha watu watatu kwa uzito ule ule wa mfuko ambao mfanyakazi wa kima cha chini ameubeba kwa sahani moja.

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Foleni ya Makulu inaonyesha jambo hilo bila vitabu. Kwa hiyo kabla hujauliza sahani ni shilingi ngapi, jiulize ni sehemu gani ya siku yako, na siku hiyo inalisha watu wangapi.

Nani hasa anakula chakula cha haraka?

Mjini kuna imani kwamba chipsi ni chakula cha wasio na hela. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka. Lakini hata Marekani, nchi ambayo baga na kuku wa kukaanga ndiko vilikokulia, takwimu zinasema vingine. Kituo chao cha takwimu za afya kiliangalia miaka ya 2013 hadi 2016 na kukuta kwamba siku yoyote ile, watu wazima 36.6 kati ya 100 walikula chakula cha haraka. Walipowagawa kwa kipato, kundi la chini lilikuwa asilimia 31.7, la kati 36.4, na la juu 42.0. Kipato kilipopanda, ulaji nao ulipanda.

Hapa kwetu sababu ni rahisi kuiona. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na watu 26.4 kati ya 100 walikuwa chini ya mstari huo. Gawanya kwa siku 30, unapata kama 1,640. Hiyo ni ya kila kitu: chakula, nguo, sabuni. Hata tukikubali kwamba bei zimepanda tangu wakati huo, mtu wa chini ya mstari ule hawezi kuwa mteja wa kila siku wa zege la 3,000. Anakula ugali na mlenda kwake, na akila nje ni muhogo wa kukaanga wa mia mbili, andazi, au hindi la kuchoma.

Ukienda vijijini, Chamwino, Bahi au Kongwa, utaona chipsi zinafuata siku ya mnada. Watu wameuza mbuzi, wameuza karanga, mfukoni kuna kitu, na watoto wananunuliwa chipsi kama zawadi. Mnada ukifungwa, karai linapakiwa kwenye bajaji linahamia mnada mwingine. Kwa hiyo mteja mkuu wa chipsi hapa Dodoma ni mtu mwenye hela kiasi mkononi lakini hana muda, au hana jiko, au hana mtu wa kupika naye. Ni mwanafunzi, kijana wa chumba kimoja, mtumishi anayetoka kazini giza limeingia.

Na watu wa aina hiyo wameongezeka sana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 na kuleta maelfu ya vijana wasio na familia mjini hapa. Kisha Serikali ikahamia rasmi, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na wizara zikahamishiwa Mji wa Serikali Mtumba, nje kabisa kwenye barabara ya Dar es Salaam. Mtu anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba hawezi kurudi nyumbani kula mchana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Wengi wetu tumekuja, na tumekuja bila mama zetu na majiko yao.

Zege na sahani ya mama ntilie

Hapa ndipo uamuzi wa watu wengi ulipo, kwa sababu bei zinakaribiana. Zege ni 3,000. Sahani ya mama ntilie, wali au ugali na maharage, mchicha na kipande cha tikiti, ni 2,000. Ukiongeza nyama inakuwa 2,500 au 3,000.

Nianze na sahani ya mama ntilie, nikiieleza kama nilivyoikuta Majengo, karibu na soko. Masufuria matano yamepangwa kwenye benchi, kila moja na mfuniko wake wenye kitambaa. Mama ananiuliza, "Mwanangu, nikuwekee maharage au nyama?" Namjibu maharage. Anapakua wali kwa bakuli, anaugeuza kwenye sahani ukae kama kichuguu, anamwaga maharage upawa mmoja na nusu, anaweka mchicha uliopikwa na karanga, anamalizia na dagaa wachache bila kuulizwa, kwa kuwa ananijua. Maji ya kunawa yako kwenye ndoo yenye koki. Nakula dakika kumi na tano, naondoka, na sihisi njaa mpaka saa mbili usiku.

Ukiangalia kilichomo, ni sahani iliyokamilika kuliko tunavyoipa heshima. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina protini gramu 15 hivi, na nyuzinyuzi nyingi zinazofanya chakula kikae tumboni. Mayai mawili ya kwenye zege yana protini gramu 12 au 13. Kwa hiyo hoja ya "angalau zege lina mayai" haimshindi mtu wa maharage hata kidogo. Mboga za majani kwa mama ntilie ziko. Kwenye zege kuna kachumbari ya kiganja kimoja, kitunguu kingi na nyanya ya kuhesabu.

Kwa upande wa nguvu, gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 87 hivi. Viazi hivyo hivyo vikikaangwa, maji yanatoka na mafuta yanaingia, kalori zinapanda hadi karibu 300. Sahani nzima ya zege inakaribia 1,000. Kwa kijana anayebeba zege la saruji kwenye ujenzi Ihumwa tangu asubuhi, kalori elfu moja anazitumia zote kabla ya jioni. Kwa mimi ninayekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, sehemu kubwa inabaki mwilini. Sahani ni moja, ila miili inaitumia tofauti, na hili ni jambo ambalo bei haikuambii.

Halafu kuna mafuta. Inasikitisha kuona kwamba tunaishi kwenye ukanda wa alizeti, ukitoka hapa kwenda Singida barabara nzima imepangwa madumu ya mafuta ya alizeti, lakini makarai mengi ya chipsi yanachemsha mafuta ya mawese ya kupima. Sababu ni bei, na pia mawese yanavumilia moto. Nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, na muuza chipsi akiona dumu limepanda bei, hapandishi sahani; anayatumia mafuta yale yale siku nyingi zaidi. Mimi nina njia yangu ya kuchagua kibanda. Naangalia karai kabla ya kuagiza. Mafuta yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, naona ndani, naagiza. Yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu linalokaa juu na moshi unaowasha macho, nageuza. Nilipuuza mara moja, nikala kuku wa karai jeusi, nikalala siku mbili na kutumia 18,000 hospitali na duka la dawa. Kuku yule alikuwa wa 5,000.

Soda nayo isisahaulike, maana ndiyo inayoondoka na hela kimya kimya. Watu wengi hawali zege bila soda baridi. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko tisa vya chai, na inaongeza 800 kwenye bili. Kwa mama ntilie maji ya jagi ni bure. Mwanafunzi anayekula zege na soda kila usiku kwa mwezi anatumia 114,000 kati ya bumu la 300,000, na bado hajanywa chai ya asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo ndilo linaloamua kwa watu wa kipato cha kubahatisha, na takwimu za matumizi mara nyingi hazilioni. Mama ntilie ana daftari. Kibarua akiwa hajalipwa, anakula Jumatatu, Jumanne, Jumatano, jina lake linaandikwa, Jumamosi analipa. Vibanda vichache vya chipsi vinafanya hivyo kwa wateja wa mtaa, na mgahawa wa kiyoyozi haufanyi kabisa. Mtu mwenye mshahara wa tarehe 25 anaweza asione thamani ya daftari lile. Mtu ambaye leo amepata kazi na kesho hajui, daftari ndilo linalomfanya afike Jumamosi akiwa na nguvu ya kushika sepetu. Kwa mtu huyo sina swali la kumuuliza: mama ntilie mchana, kila siku, na ajenge jina zuri kwenye lile daftari.

Zege linashinda wapi? Linashinda usiku. Mama ntilie wengi wanafunga saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, masufuria yameisha. Anayeshuka kwenye treni ya mwendokasi usiku, au anayetoka maktaba saa nne, atakuta karai peke yake linawaka. Linashinda pia kwa kuwa unaona chakula kikipikwa mbele yako, cha moto, bila kujiuliza kimelala tangu lini. Mafuta yakiwa safi, zege la mara moja au mbili kwa wiki halina ubaya wowote kwa mtu mwenye afya, na mimi nalipenda. Mwombe akukamulie ndimu, punguza tomato sosi, ongeza kachumbari. Wengi wanakubali kuongeza ukiomba vizuri.

Kupika nyumbani, na kwa nini mpwa wangu alikuwa sahihi kulalamika

Wazazi wetu wanasema kupika ni rahisi kuliko kununua. Kwa kaya ya watu watano ni kweli kabisa. Chakula cha usiku kwangu: unga kilo moja 1,500, dagaa 2,500, mchicha 500, nyanya, kitunguu na mafuta 1,500, mkaa 1,000. Jumla 7,000, kila mtu 1,400. Hakuna kibanda wala mama ntilie anayeweza kushindana na hapo.

Mpwa wangu akipika peke yake chakula kile kile, mambo yanageuka. Unga robo 400, dagaa fungu 1,000, mchicha 300, nyanya, kitunguu na mafuta 700, mkaa 1,000. Jumla 3,400. Kopo la mkaa linaungua sawasawa, liwe linapikia mtu mmoja au watano. Nyanya nusu haiuzwi. Amefika nyumbani saa moja, amepuliza moto, amekula saa tatu, na ametumia zaidi ya sahani ya mama ntilie kwa 1,400. Alipokuwa ananiambia kwamba kupika kunammaliza, nilidhani ni uvivu. Nilipokaa na kalamu nikamwomba radhi.

Kwa mtu wa chumba kimoja, kupika kunalipa kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kuchanga. Wapangaji watatu wa nyumba moja wakipika sufuria moja, gharama ya kila mmoja inashuka karibu na ile ya familia. Ya pili ni kupika kinachodumu: kuchemsha kilo nzima ya maharage Jumapili, moto mmoja, na kuyaunga kidogo kidogo mpaka Jumatano kama mna friji ya kushirikiana. Gesi husaidia kwa sababu unaizima pale pale chakula kinapoiva, ila mtungi mdogo wa kilo sita unataka hela ya mkupuo, na kwa mtu anayepata hela kwa siku, mkaa wa kopo ndio unaomfaa ingawa kwa mwezi unamgharimu zaidi. Hali hii ya maskini kulipa ghali kwa sababu ananunua kidogo kidogo inaniuma kuliko jambo lolote katika hesabu hizi.

Na hapa nataka kusema neno kuhusu mlenda. Tunapozungumza chakula cha haraka tunafikiria viazi, ambavyo vimesafiri kwa lori kutoka Njombe, Iringa au Mbeya, vikafungwa lumbesa, na nauli yake iko ndani ya sahani yako. Wagogo, wenyeji wa hapa, wana mboga ya majani iliyokaushwa na kusagwa, inayokaa ndani miezi bila friji, hata kiangazi ambapo mchicha sokoni unakuwa mdogo na ghali. Maji yakichemka, unatia mlenda, karanga za kusaga na chumvi kidogo. Dakika kumi, tayari. Ugali wa uwele au mtama dakika kumi na tano. Kijana mwenye jiko la gesi na kopo la mlenda anaweza kula chakula chenye mboga halisi kwa muda ule ule anaosimama kwenye foleni ya chipsi, na fungu la mlenda la mia tano linampikia mara kadhaa. Mpwa wangu, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa hajawahi kuupika. Nimempa kopo.

Kubeba chakula cha nyumbani kwenda nacho kazini ni tawi la jambo hili hili. Kwa mtumishi wa Mtumba mwenye familia, wali wa jana kwenye hotpoti ni kama bure, kwa sababu moto ulishawashwa kwa ajili ya watu watano. Kwa mseja, haimsaidii mpaka awe anapika kwa kuchanga.

Mgahawa wa kisasa

Huku sitakaa sana, kwa kuwa uamuzi wake ni mwepesi. Baga na chipsi ni 12,000 hadi 15,000, piza inaanza 20,000, na familia ya watu watano ikikaa mezani na kuagiza kuku wa kukaanga na vinywaji, 70,000 inaondoka. Ukiletewa nyumbani kwa bodaboda, ongeza 2,000 au 3,000. Viazi ni vile vile na kuku ni yule yule wa kisasa. Unacholipia ni kiyoyozi, choo safi, kiti cha mtoto, na utulivu wa kuzungumza. Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne, hata meza hupati.

Vitu hivyo vina thamani yake. Mama aliyepika siku 29 ana haki ya kukaa siku moja akahudumiwa. Lakini kama lengo ni kula vizuri na watoto mwisho wa wiki, kwa 70,000 hiyo hiyo pale mnada wa Msalato unapata nyama ya mbuzi ya kuchoma kilo mbili, ndizi, kachumbari ya sinia, na chenji inabaki ya kununua nyama ya wiki. Mimi kwa sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto nachagua mgahawa. Kwa Jumamosi za kawaida nachagua Msalato.

Walio hatarini zaidi ni watu wa kipato cha kati

Baada ya hesabu zote hizi, kundi ninaloliogopea zaidi ni langu mwenyewe. Mtu wa kipato cha chini analindwa na mfuko, hawezi kula kuku wa kukaanga mara nne kwa wiki hata akitaka. Mwenye kipato cha juu ana mpishi nyumbani, ana gari la kumrudisha mapema, akiugua ana bima nzuri. Sisi wa katikati, zege la 3,000 halituumi tukilinunua, kwa hiyo hatulihesabu. Asubuhi supu na chapati mbili, saa nne sambusa na soda kantini, mchana chipsi kuku, jioni tunawanunulia watoto chipsi kwa sababu tumechoka. Hakuna hata bili moja inayotisha. Nilipoandika kwenye daftari kila shilingi ya chakula cha nje kwa mwezi mmoja, ilikuwa 286,000, mimi peke yangu, na ningeapa kwamba haizidi laki moja na nusu.

Mwili nao una daftari lake. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliwapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 na kukuta karibu 26 kati ya 100 wana shinikizo la juu la damu, na 9 kati ya 100 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ukiwa mpishi, unajua umetia ngapi. Ukila nje mara tatu kwa siku, hakuna anayejua.

Kwa hiyo kwa mtumishi wa kipato cha kati, chaguo langu ni hili: mchana mama ntilie au hotpoti, soda iwe ya Ijumaa, na chipsi zisizidi mara mbili kwa wiki. Chipsi za watoto nilizikataza kuwa mbadala wa chakula cha usiku. Zikinunuliwa, zinaliwa kwenye sahani pamoja na maharage na mboga vilivyopikwa nyumbani, pakiti moja watoto watatu.

Kwa mwanafunzi mwenye bumu, mchana ale kwa mama ntilie kwa 2,000, maana hicho ndicho chakula chake kikubwa. Usiku, kama hosteli hairuhusu kupika, chipsi kavu nusu na yai moja la kuchemsha vinatosha, au ndizi mbivu na karanga za mia tano, ambazo hapa Dodoma tunazo kila kona. Kwa kuchanga na wenzake wawili waliopanga mtaani, atabaki na hela ya vitabu.

Dereva wa bodaboda nilimkuta tena Ijumaa, kibanda kile kile. Tulisalimiana, nikamuuliza kama kwake hawapiki usiku. Akasema, "Wanapika dada, ila nafika wameshalala, chakula kimepoa, naona nisiwaamshe." Nikamuuliza kama angependa mkewe ampakulie kwenye hotpoti. Alicheka kidogo, akasema hotpoti nzuri ni 15,000. Zege tano. Tulihesabu pamoja pale pale, vidole vyake vya mkono mmoja vikatosha. Alichukua zege la siku hiyo, akaniambia Jumamosi akitoka kwenye hesabu ya bosi atapita Majengo kuangalia bei.

Mpwa wangu ameanza wiki yake ya kwanza: mchana kwa mama ntilie, usiku sufuria moja na wapangaji wenzake wawili, Jumatano zege. Mlenda wa kwanza, aliniandikia, ulimshikana madonge kwa sababu aliutia wote kwa mkupuo. Nimemwambia awe anaunyunyiza kidogo kidogo huku anakoroga.